Aliambiwa Imejaa

Mwanamke huyu alifukuzwa kazi mbele ya watu watano kwa kuharibu betri ya laptopu ambayo hakuwahi kuigusa, na aliyemfukuza alikuwa ameambiwa mara tatu, kwa mdomo wa mwanamke huyo huyo, kwamba betri inaharibika. Hilo ndilo kosa. Lisemwe kwanza, kwa sababu likichelewa watu huanza kulitafutia visingizio: mara oh, bosi alikuwa na haraka, mara oh, yule mama naye hakusema vizuri. Alisema vizuri.

Kazini aliitwa Mama Funguo. Kwa miaka tisa alivaa shingoni uzi wenye funguo sita, na kila blauzi aliyokuwa nayo ilikuwa na doa la kutu kifuani, pale zilipolala. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa amekwisha kufungua mlango wa ofisi ile ya ghorofa ya pili, amefungua madirisha, amepiga deki, amefuta meza moja baada ya nyingine kwa tambara lililokamuliwa hadi likakaribia kukauka. Hakusoma. Ukimpa barua anakurudishia umsomee. Lakini tarakimu anazijua zote, maana simu ina tarakimu, saa ina tarakimu, na mtu aliyelea mtoto peke yake hawezi kuishi bila tarakimu.

Ofisi ilikuwa ya kuchora ramani za nyumba. Mwenye ofisi, waliomzunguka walimwita Bosi akiwa amewatazama, na akigeuka walimwita Rula, kwa sababu hakuwahi kumwonyesha mtu kitu kwa kidole. Alikuwa na rula ndefu ya bati, na hiyo ndiyo iliyokuambia kaa pale, leta kile, toka. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha linalopokea jua la asubuhi lote. Juu ya meza, kitambaa kinene cha zulia. Juu ya kitambaa, laptopu, nayo imevalishwa kasha la ngozi lisilovuliwa mwaka mzima, kama mtu aliyelazwa na homa akafunikwa blanketi mbili. Waya wa umeme ulikuwa umechomekwa tangu siku ilipotolewa dukani. Na ukutani, juu ya soketi, palikuwa na karatasi.

Siku karatasi ilipobandikwa, Mama Funguo alimuuliza katibu, msichana mwenye kucha ndefu aliyekaa karibu na mlango, "Hapo pameandikwa nini, mwanangu?"

"Usichomoe."

"Nisichomoe, au tusichomoe?"

"Wewe, Mama. Sisi wengine tunajua kusoma," akasema katibu, akacheka, na wale wachoraji wawili vijana wakacheka naye.

Basi hakuchomoa. Hata siku moja. Alifuta meza akizunguka waya ule kama mtu anayezunguka nyoka.

Sasa, nyumbani kwake palikuwa na laptopu nyingine. Bintiye alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, na walimnunulia ya mtumba kwa fundi mwanamke aliyekuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo lile lile la ofisi. Fundi yule alivaa miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa na tabia ya kumweleza mteja mambo hadi mteja atake kukimbia. Mama Funguo hakukimbia. Alivuta kigoda akakaa.

"Mama, hii betri iko ndani, haichomolewi kama ile ya redio," fundi alimwambia. "Ni ya lithiamu. Ikifa, mpaka niifungue kompyuta nzima. Kwa hiyo usiiue mapema."

"Inauawa na nini?"

"Na kushiba kupita kiasi, na joto. Watu wanadhani ukiiacha kwenye umeme siku zote unaipenda. Unaitesa. Ikikaa mia kwa mia mchana na usiku, na joto juu yake, inazeeka kabla ya siku zake. Ikifika themanini, chomoa. Ikishuka ishirini, chomeka. Usiiache ifike sifuri ikazimika yenyewe kila mara, hiyo nayo ni kuitesa. Usiiweke kitandani wala kwenye mto, haya matundu ya pembeni ndiyo pua yake. Na kama binti anakwenda likizo haitumii, aiache nusu, wala haijajaa wala haijaisha, aiweke mahali pa baridi."

"Na wanaosema usichomoe?"

"Wanakumbuka betri za zamani, na hata hizo hawazikumbuki vizuri. Au hawakumbuki chochote, wamesikia tu."

Kisha fundi akamwambia jambo la mwisho, na hilo ndilo linalotuhusu. "Ukiona kompyuta inacheza juu ya meza kama kigoda chenye mguu mfupi, au pale pa kutelezeshea kidole pameinuka, jua betri imevimba. Hapo usiichaji tena, usiibonyeze, usiitoboe. Niletee."

"Imevimba vipi? Kama miguu ya mgonjwa?"

"Hivyo hivyo."

Mama Funguo aliielewa miguu ya mgonjwa. Mama yake mzazi, miezi yake ya mwisho, miguu ilijaa. Kwao hawakuwa na neno jingine. Asubuhi unaulizwa, "Mama ameamkaje?" unajibu, "Imejaa tena." Unabonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki pale kikikutazama. Tangu hapo, kwake yeye, kitu kilichojaa ni kitu kinachoumwa. Betri iliyopata chaji ilikuwa na neno lake jingine. Binti alizoea kurudi chuoni jioni, anavua viatu mlangoni, anaita, "Mama, huyo mdogo wangu ameshiba?"

"Ameshiba. Themanini na moja. Nimemnyang'anya sahani."

"Mama, hata mimi hukunilea hivi."

"Wewe ulikuwa unalia ukishiba. Huyu halii, ndiyo maana anahitaji mtu wa kumwangalia."

Akawa anaiangalia kweli. Alikaa na ndoo ya mboga mapajani, jicho moja kwenye kisu na jicho moja kwenye zile tarakimu ndogo kwenye kona ya kioo. Miaka mitatu ikapita, betri ya mtumba ile ikawa bado inamfikisha binti mwisho wa vipindi vya mchana bila kuomba umeme kwa mtu. Hayo aliyafanya mwanamke ambaye karatasi ya ukutani ilibandikwa kwa ajili yake.

Turudi ofisini. Asubuhi moja alipofuta meza ya Bosi, laptopu ikacheza. Tik, upande huu. Tik, upande ule. Akaweka tambara chini. Akainama kuchungulia pembeni mwa lile kasha la ngozi, akaona tumbo la kompyuta limeshuka katikati. Kushika hakushika. Alingoja Bosi afike, avue koti, akae.

"Shikamoo, Bosi."

"Marahaba."

"Bosi, betri ya kompyuta imejaa."

"Vizuri," alisema Bosi, macho kwenye barua zake. "Ikijaa ndiyo raha. Iache."

Mama Funguo alisimama pale na ndoo yake. Ikijaa ndiyo raha? Akadhani labda wasomi wanajua jambo asilolijua. Akaondoka.

Baada ya wiki tatu, kifuniko kikawa hakifungi. Kilibaki wazi upana wa kidole, kama mdomo wa mtu aliyesinzia kwenye kiti. Akamwambia tena, safari hii katibu akiwa pale, amesimama na kitabu cha miadi.

"Bosi, ile betri imejaa zaidi."

Bosi akainua kichwa, akamtazama katibu badala ya kumtazama aliyesema. "Umesikia? Imejaa zaidi! Mama Funguo, mia ndiyo mwisho. Haiwezi kujaa mia na kumi."

Katibu akacheka hadi akaziba mdomo kwa kitabu. Kwa wiki nzima wachoraji wale vijana wakimwona na ndoo walimuuliza, "Mama, ndoo imejaa mia na ngapi leo?" Akawajibu mara moja tu: "Imejaa akili. Njooni niwagawie." Wakanyamaza siku mbili.

Mara ya tatu pale pa kutelezeshea kidole palikuwa pameinuka kama kigae cha sakafu kilichosukumwa na mzizi. Bosi mwenyewe alikuwa anapabonyeza kwa dole gumba, anapabonyeza tena, anasonya. Mama Funguo alikuja na chai, akaiweka mbali na kompyuta, kama alivyoiweka siku zote.

"Bosi, nisikilize. Imejaa mno. Itapasuka."

"Mama." Bosi aliinua rula. Akaonyesha sakafu. "Kazi yako." Akaonyesha karatasi ya ukutani. "Na lile unalijua. Basi."

Mara tatu. Mpaka leo kuna watu wanaomuuliza mwanamke huyu: kwa nini hukusema imevimba? Tena wanauliza kwa upole, kana kwamba wanamsaidia. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza yule mwanamume kwa nini hakugeuza shingo. Laptopu ilikuwa mbele yake, shibiri mbili kutoka puani. Ilikuwa inacheza, haifungi, imetoa kidonda katikati. Angeitazama kwa muda wa kumeza mate tu, angejua neno lile lina maana gani. Mtu akikuambia nyumba yako inawaka, huanzi kumsahihisha lugha. Unageuka. Lakini ili mtu ageuke, lazima kwanza aamini kwamba aliyesema ana macho.

Basi ikafika siku yenyewe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja kuchukua ramani ya nyumba yake, naye duka lake liko mtaa ule ule anaoishi Mama Funguo, hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Bosi alitaka kuhamia naye kwenye meza kubwa. Akakunja laptopu, haikukunjika. Akaiwekea kiwiko. Mama Funguo alikuwa anapanga vikombe, aliona kwa macho yake: aliwekea kiwiko na uzito wa mwili mzima, kama mtu anayefunga sanduku la safari. Kioo kikalia. Alipokifungua, ufa ulikuwa umepita kuanzia kona hadi kona, na zile herufi za kuandikia zimenyanyuka katikati.

Mwenye duka alikuwepo, katibu alikuwepo, mhasibu alikuwepo, wachoraji wote wawili walikuwepo. Watano. Bosi akatazama kompyuta, akamtazama mteja, na uso wake ukatafuta pa kwenda. Rula ikapaona kabla yake.

"Huyu," alisema. "Kila asubuhi anakuja na matambara yake ya maji. Anachomoa waya nikiwa sipo. Nimebandika karatasi! Nimebandika karatasi kwa sababu yake!"

"Sijachomoa, Bosi."

"Kimya."

"Na nilikwambia. Nilikwambia mara tatu imejaa."

Hapo ndipo wakacheka. Si wote kwa sauti, lakini wote. Hata yule mteja aliachia tabasamu, maana alimwona Bosi akitikisa kichwa na kusema, "Mnasikia? Imejaa! Ndio watu ninaofanya nao kazi hawa." Kisha akagonga meza kwa rula. "Weka funguo hapa."

Mama Funguo alivua uzi shingoni. Ulikwama kwenye kilemba. Watu watano walimtazama akihangaika kuukwamua, hakuna aliyenyanyuka. Akaziweka mezani, zote sita, akashuka ngazi.

Jua halijatua, mtaani kwake walikuwa wanajua. Mwenye duka hakuwa na ubaya, alisimulia tu, kama mtu anavyosimulia alichokiona mjini. Lakini alisimulia alichosikia: yule mama wa kona amemwagia maji kompyuta ya watu. Kesho yake, ghorofa ya tatu ya jengo lile, alikokuwa ameahidiwa kazi ya jioni kwa mwanasheria, akaambiwa wamekwisha kupata mtu mwingine. Aliyemwambia alikuwa anatazama mikono yake, kama anayetafuta maji.

"Mama, achana naye," binti alisema. "Nitamaliza chuo mwakani, hutaifuta meza ya mtu tena."

"Kwani nimelilia meza?" alijibu. "Mimi nimesema kitu cha kweli nikachekwa. Hicho utakimaliza chuo gani?"

Siku ya pili mchana simu ikalia. Alikuwa fundi. "Mama, ile kompyuta ya juu wameniletea. Njoo uone mwenyewe."

Alikwenda. Fundi alikuwa ameifungua, na betri ameitoa polepole, ameilaza kwenye bati lenye mchanga, mbali na kila kitu. Ilikuwa kifuko cheusi kilichopaswa kuwa bapa kama biskuti. Kilikuwa kama mto. Mama Funguo alikitazama, na mkono wake ukanyooka wenyewe, kidole mbele.

"Usibonyeze, Mama!"

"Sibonyezi," akasema, akaurudisha mkono. "Imejaa. Hivi ndivyo alivyokuwa Mama."

"Hii ni ya miezi," fundi alisema. "Si wiki. Na maji hayakuingia. Ona hapa ndani, kuna alama ndogo nyeupe. Tone moja la maji likifika hapo inageuka nyekundu. Nyeupe kama maziwa, unaiona?"

Aliiona. Nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele. Alikaa kwenye kigoda kile kile cha siku zile, nyuma ya rafu ya redio mbovu. Na alikuwa bado amekaa pale Bosi aliposhuka ngazi, amekuja mwenyewe, kuuliza habari za ramani zake.

"Ramani nimezipata zote," fundi alimwambia. "Ila betri hii umeiua wewe."

"Mimi? Kuna mfanyakazi alikuwa anamwaga maji."

"Maji hayapo, alama hii hapa. Hii ilikuwa kwenye umeme mchana na usiku, imejaa mia, juani, imefunikwa na hilo kasha. Ungeichomoa ikifika themanini, au ungeiweka ile amri iliyomo ndani ya kompyuta ikatae yenyewe kupita hapo, leo tungekuwa tunaongea mengine. Na ilikupa dalili. Haikucheza mezani? Hakuna aliyeona?"

Bosi alijikuna shingo. Hakuwa na rula, na bila rula mikono yake haikujua ikae wapi. "Kuna mtu aliniambia imejaa," alisema. "Mimi nikadhani imejaa chaji."

"Mtu nani?" ilisema sauti nyuma ya rafu.

Akageuka. Alhamdulillahi, safari hii aligeuka. Mama Funguo alikuwa amesimama kati ya redio mbili.

"Ah. Mama Funguo. Kumbe upo."

"Nipo. Huyo mtu ana jina?"

"Basi, Mama, yamekwisha. Ni kutoelewana tu. Njoo kesho uchukue funguo zako."

"Panda juu ukaseme."

"Nikaseme nini?"

"Hilo ulilolisema sasa hivi. Kwamba nilikwambia. Wako wote juu, nimesikia mashine ya hesabu ya mhasibu."

Bosi alitazama ngazi. Ngazi kumi na sita, Mama Funguo amezideki miaka tisa, anazijua. Kisha akatazama saa yake. "Mambo madogo haya, Mama, tusiyakuze."

"Uliyasema kwa sauti kubwa," alisema Mama Funguo. "Nami sikujua kwamba ni madogo."

Akapanda ngazi. Fundi akatega sikio, Mama Funguo akatega sikio. Mlango wa juu ukafunguliwa, ukafungwa. Mashine ya mhasibu haikunyamaza hata kidogo.

Wiki ile katibu alitumwa nyumbani kwa Mama Funguo na mfuko wa sukari na zile funguo sita. Alisimama mlangoni, kucha zake zimeshika mfuko kwa ncha. "Bosi anakusalimu. Amenunua kompyuta mpya. Anasema sasa wewe ndiye utakayeiangalia, chaji ikifika themanini uchomoe. Na ile karatasi ya ukutani ameitoa."

"Wewe unajua ni kwa nini ameitoa?"

Katibu akatikisa kichwa. "Hakusema."

"Hajawaambia?"

"Kutuambia nini, Mama?"

Mama Funguo alimtazama msichana yule, na kama kuna hasira inayoweza kumwonea mtu huruma, basi ndiyo aliyokuwa nayo. Akamrudishia mfuko. "Sukari ni ya chai. Mwambie neno langu silinywi. Na funguo mrudishie. Siku akisema, atanipa mwenyewe mkononi, pale alipozichukulia."

Siku hizi anasafisha zahanati iliyo mbali, anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, maana jengo lile na mtaa ule bado vinamjua kwa maji. Hapo mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi anapita kila asubuhi, na mwenye duka humsalimu vizuri, akiitazama mikono yake. Nyumbani betri ya binti bado inashiba na kunyang'anywa sahani.

Basi deni lijulikane. Si sukari, si funguo, si kurudishwa kazini. Ni neno moja: "Alisema." Lisemwe ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, saa za kazi, mbele ya katibu, mhasibu, wachoraji wawili na mwenye duka, watano wale wale, kwa sauti ile ile iliyotumika kumfukuza. Anayedaiwa ni mchoraji wa ramani, mwenye rula. Hajalipa.